Machozi Katikati ya Chereko

Katika toleo lililopita nilijibu swali fupi kuhusu methali zinazoimbwa harusini, nami nikadhani habari ya nyimbo imekwisha. Barua zilizofuata zilinionyesha kwamba sikuwa nimegusa hata ukingo wake. Nyingi kati ya hizo hazikuuliza habari za harusi hata kidogo, bali ziliuliza kuhusu huzuni iliyojificha ndani ya nyimbo ambazo watu huzipenda, huziomba redioni na kuzicheza hadi viatu vikaisha soli. Nimechagua barua tano. Majina nimeyaondoa, na katika mbili kati yake nimebadili mambo madogo madogo ili mwandishi asitambuliwe na majirani zake.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mtumishi wa umma mwenye umri wa miaka 41, na nilihamia Dodoma pamoja na wizara yangu mwaka 2017. Mume wangu na watoto walibaki Dar es Salaam kwa sababu ya kazi yake na shule zao. Nimepanga chumba na sebule huku Nkuhungu. Miezi michache iliyopita nilialikwa kwenye harusi ya mwenzangu wa ofisini, na maharusi walipokuwa wanaingia ukumbini bendi ikapiga "Malaika". Watu wote walisimama wakipunga vitambaa, nami nikashtukia machozi yananitoka hata ikabidi nitoke nje. Wenzangu walisema ni machozi ya furaha, nikakubali ili yaishe. Hayakuwa ya furaha. Je, niliusikia vibaya wimbo ule, au kweli una huzuni? Na kama una huzuni, kwa nini tunaupiga harusini?
*Dada wa Nkuhungu, Dodoma*

Marahaba, dada yangu. Hukuusikia vibaya. Waliokuwa wanapunga vitambaa walikuwa wanaufuata mdundo, na wewe, kwa bahati mbaya au nzuri, ulikuwa unayafuata maneno.

"Malaika" ni wimbo wa kijana ambaye haoi. Anampenda binti, anatamani kumwoa, lakini hana mali, na shida ya fedha inamsumbua roho. Habari yake yote ndiyo hiyo. Fadhili William wa Kenya aliurekodi ukavuma tangu miaka ya mwanzo ya 1960, wapo wanaomtaja Adam Salim kuwa ndiye mtunzi wa kweli, na ubishi huo haujapata kumalizika. Miriam Makeba aliufikisha kwa watu wasiojua neno moja la Kiswahili, na hata kundi la Boney M liliuimba. Wasiojua lugha wana udhuru. Sisi tunaoyaelewa maneno ndio tumeugeuza kuwa wimbo wa kuingizia maharusi ukumbini, yaani tunampokea bwana harusi, ambaye amekwisha kutoa mahari na kulipia ukumbi, kwa kilio cha mwanamume aliyeshindwa kutoa mahari. Sisemi kwamba ni dhambi. Ila kila ninapohudhuria harusi na wimbo huo ukaanza, huwatazama wajomba waliokaa meza za nyuma, nami huwa nawaona wawili watatu wameinamisha vichwa.

Tazama neno moja tu la wimbo huo: "ningekuoa". Kijana angesema "nitakuoa", tungekuwa na wimbo wa posa. Angesema "nimekuoa", tungekuwa na wimbo wa harusi hasa. Akachagua -nge-, silabi moja iliyobanwa katikati ya neno, na silabi hiyo ndiyo inayomweka yeye upande huu wa mlango na binti upande ule. Nadhani ndiyo iliyokutoa ukumbini. Mtu anayeishi mbali na watu wake hukaa siku nzima ndani ya -nge-, bila kujua jina la kisarufi la mahali anapokaa: ningekuwa nyumbani ningesikia kama mtoto anakohoa, tungekuwa pamoja tungekula mapema, angekuwapo ningemwambia alichosema mkuu wangu wa kazi. Kisha unakuja wimbo ambao umejengwa juu ya silabi hiyo hiyo, nawe umevaa sare ya kamati, una sahani ya pilau mkononi, na hujajiandaa.

Swali lako la pili, la kwa nini tunaupiga harusini, linaniletea lingine: kwa nini watunzi wetu huiweka huzuni ndani ya nyimbo za kuchezwa? Sababu mojawapo ni umbo la muziki wenyewe. Muziki wa dansi wa zamani ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikwenda taratibu, mwimbaji akasimulia habari yake ubeti baada ya ubeti. Kisha ikaja sehemu ya pili tunayoiita chemko, magitaa yakaongeza kasi, maneno yakapungua hata yakabaki majina ya watu na vigelegele. Huzuni ilikaa katika sehemu ya kwanza. Watu walikuja kwa ajili ya sehemu ya pili. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, aliwachezesha watu wa Afrika Mashariki nzima kwa wimbo ambao jina lake ni "Shida". Remmy Ongala aliimba "Kifo", na watu wakainuka kwenye viti. Hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu mcheza dansi alikuwa amekwisha kuisikiliza huzuni akiwa amekaa na chupa yake ya soda, kisha akapewa nafasi ya kuitoa kwa miguu.

Sababu nyingine ni adabu zetu, na hapa naomba nikae kidogo. Kwetu mtu mwenye uchungu huambiwa ajikaze. Tunamwambia kwa upendo, wala sitaki kuudharau ule upendo, lakini tukishamwambia hivyo tunakuwa tumefunga mlango. Ndipo watu wakabuni njia za kusema bila kusema. Wewe unazijua kuliko mimi, kwa kuwa unavaa kanga. Mwanamke huvaa kanga yenye maneno makali, akapita mbele ya mlango wa jirani mara tatu, na jirani akiuliza ataambiwa kwamba aliinunua kwa sababu ya rangi yake. Wimbo hufanya kazi ile ile. Katika taarabu mwanamke huinuka na noti mkononi, akatembea polepole hadi kwa mwimbaji, akamtunza kwenye ubeti fulani na si mwingine. Ukumbi mzima huelewa kwamba ubeti ule umemgusa, na hakuna atakayemuuliza, kwa sababu amefanya tu kinachofanywa taarabuni. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mtunzi anayeficha huzuni chini ya mdundo hamdanganyi mtu. Anamtengenezea mwenye huzuni mahali ambapo anaweza kulia mbele za watu bila kuhojiwa. Wewe ulipewa jibu tayari, "machozi ya furaha", ukalitumia. Huo ndio mtandio uliofunikwa nao.

Sasa juu ya hali yako. Uamuzi wa kuifanya Dodoma kuwa makao makuu ni wa mwaka 1973, lakini watumishi walianza kuhamia kwa wingi baada ya mwaka 2016, na nadhani mji huu haujaandika bado nyimbo za watu hao. Nyumba ninayoishi ina wapangaji wanne, na watatu kati yao huburuta mabegi kila Ijumaa alasiri kuelekea stesheni ya treni ya SGR. Tangu treni hiyo ianze safari za Dodoma mwaka 2024, anayeweza kulipa nauli hulala kwake Ijumaa hiyo hiyo. Asiyeweza, au mwenye zamu ya Jumamosi, hubaki na ua mzima kimya, akifua nguo ambazo si chafu sana. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na hawakutuachia neno juu ya anayecheza kwa wenzake.

Usiache kwenda harusini. Lakini Jumapili utakapompigia simu mumeo, usimwambie kwamba uko salama, maana neno hilo ni kanga nyingine. Msimulie ulivyotoka ukumbini, mwambie ni wimbo gani, na umweleze hiyo silabi.

Mwalimu, ninafundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne katika shule moja wilayani Kondoa. Nikiwapa wanafunzi maneno ya wimbo wachambue dhamira, husema kwamba wimbo ni wa huzuni pale tu wanapokutana na neno "machozi" au "nalia". Nisaidie namna ya kuwafundisha kuiona huzuni isiyotajwa.
*Mwalimu mwenzako, Kondoa*

Mwalimu mwenzangu, swali lako limenifurahisha kuliko inavyopasa. Nimekutungia ubeti wa mishororo mitatu, wa mizani nane kwa nane, ili usilazimike kumwomba mtu ruhusa ya kuuandika ubaoni:

*Taa yangu naiwasha, mgeni sijampata,*
*Sahani mbili naosha, moja haina mafuta,*
*Hodi zikinirausha, nacheka huku nafuta.*

Waulize wanafunzi wako: ni neno gani hapa lenye maana ya huzuni? Hawatalipata, kwa sababu halipo. Kisha waulize maswali madogo yanayoshikika. Kwa nini sahani ya pili haina mafuta? Bila shaka yupo mwanafunzi atakayesema kwamba ilikwisha kuoshwa, naye usimkatize. Mwulize basi kwa nini inaoshwa tena. Baadaye waulize anachokifuta huyo mtu katika mshororo wa mwisho. Kitenzi "kufuta" kinataka kitu cha kufutwa, na mtunzi amekinyima. Darasa litakaa kimya kidogo, kisha mmoja atasema "machozi", na atalisema neno lile lile ambalo mwanzoni walikuwa wanalitafuta kwenye karatasi. Tofauti ni kwamba safari hii watakuwa wamelitoa wao.

Baada ya hapo wapeleke kwenye sarufi, kwa maana huko ndiko Kiswahili kinakoficha mambo yake. Waonyeshe mahali ambapo wimbo ulianza kwa tu- ukaishia kwa ni-, bila mtu kuaga. Waonyeshe -nge-, ambayo nimeieleza kwa dada wa Nkuhungu hapo juu, na mwenzake -ngali-. Waambie wahesabu maswali ambayo mwimbaji anamuuliza mtu, kisha wahesabu majibu. Zaidi ya yote, wafundishe kutazama nani anayeitwa. Mwimbaji wetu huita sana: humwita mama, dada, mpenzi, jirani, hata ndege wa angani. Anayemwita mpenzi bado anatumaini. Anayemwita mama baada ya ubeti wa pili, ilhali wimbo ulikuwa wa mapenzi, huyo amekwisha kukata tamaa na mpenzi, na anatafuta mtu ambaye hawezi kumkataa. Na akianza kumtuma ndege apeleke salamu, ujue wanadamu wamemwishia.

Ninakuonya juu ya jambo moja. Wanafunzi wakishapata ufunguo huu hufungua kila mlango, hata usio na chumba ndani yake. Wataanza kukuta huzuni katika wimbo wa kampeni ya kunawa mikono. Vilevile chunga alama za kuazima. Siku hizi ninasoma mashairi ya vijana wetu ambayo mvua ikinyesha tu, mtu amevunjika moyo. Mvua hiyo imetoka nchi za baridi. Kwetu sisi, ambao tunapata msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na tukikosa huo tunasubiri mwaka mzima, mtu anayeisikia mvua juu ya bati hatoi machozi ya upweke, labda awe ameanika mtama nje. Mwanafunzi wa Kondoa anayetaka alama ya huzuni ana upepo wa Agosti unaopeperusha vumbi kwenye mito mitupu ya mchanga. Aitumie hiyo, nasi tutamwamini.

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, natokea Bukoba. Rafiki zangu walinipeleka Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Wagogo. Mzee mmoja alipiga ilimba peke yake, nikajisikia mpweke kuliko nilivyowahi kujisikia tangu nifike huku. Rafiki yangu Mgogo alinicheka, akasema wimbo ule ulikuwa wa kusifu ng'ombe. Je, muziki wa Wagogo una huzuni au ni masikio yangu?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Mwanangu, ni masikio yako, lakini usiyalaumu.

Ilimba ina vyuma vilivyopangwa juu ya kisanduku cha mbao, na kisanduku hicho hutobolewa tundu ambalo hufunikwa kwa utando wa buibui. Mpigaji akivigusa vyuma kwa vidole gumba, utando ule hutetemeka na kutoa mvumo mwembamba unaoifuata sauti nyuma, kama mtu anayenong'ona nje ya dirisha. Mgogo akiusikia mvumo huo anajua kwamba chombo ni kizima, usipokuwapo, atakitengeneza. Wewe uliusikia ukadhani kuna mtu analia mbali. Tena Wagogo hawapangi sauti zao kwa ngazi ile uliyoizoea katika kwaya za kanisani na nyimbo za redioni, bali sauti zao huachana kwa nafasi pana, na sikio lililolelewa na kwaya hukutana na nafasi hizo likaziona tupu. Utupu huo ulikuja nao kutoka Kagera. Hukwe Zawose, mtoto wa Ugogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuipeleka ilimba na zeze katika majukwaa ya dunia kabla ya kufariki mwishoni mwa mwaka 2003, alisikilizwa na maelfu ya watu wasioelewa Kigogo, na ninaamini wengi wao walilia mahali ambapo yeye alikuwa anatania.

Hata hivyo, rafiki yako naye asicheke sana. Ilimba ni chombo ambacho mtu mmoja anaweza kutembea nacho, akakipiga njiani au machungani akiwa na mifugo, hana wa kuitikia. Angalia tofauti yake na muheme, ngoma ya akina mama, ambayo huwezi kuipiga ukiwa peke yako ikawa na maana yoyote. Kiswahili kina maneno mawili hapa, nasi tunayachanganya. Upweke ni kuwa peke yako. Ukiwa ni kuachwa, ni nyumba iliyobaki baada ya watu kuondoka. Mchungaji mwenye ilimba yuko katika upweke, na anaupenda, na ng'ombe wake wananenepa. Ulichosikia ni upweke wa yule mzee. Ukiwa ulikuwa wako. Piga simu nyumbani.

Mimi ni msanii chipukizi kutoka Manyoni. Nilifiwa na kaka yangu, nikaandika wimbo juu yake, lakini prodyuza ameniambia nyimbo za polepole hazisikilizwi, nibadilishe niandike habari za mapenzi. Nifanyeje?
*Chipukizi, Manyoni, Singida*

Mpe mdundo anaoutaka, uyabakize maneno. Lakini yapunguze: ondoa sifa zote za marehemu, ondoa "pengo lisilozibika", acha mambo mawili ambayo ni yeye tu aliyekuwa nayo, kama vile alivyopiga mluzi kabla ya kufungua mlango, au namba yake ambayo bado hujaifuta kwenye simu. Wasiomjua watacheza. Mama yako atajua.

Mbukwa, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Mpwapwa. Mwanangu wa tatu ana miaka 19, alimaliza kidato cha sita na matokeo hayakuwa mazuri, akarudi nyumbani. Tangu arudi anakesha na simu, ameziba masikio, anasikiliza wimbo mmoja tu kwa wiki nzima. Niliuomba niusikie. Ni wimbo wa kijana anayesema hakuna anayemuona hata akisimama katikati ya soko. Mume wangu anataka kumnyang'anya simu, anasema nyimbo hizo ndizo zinazomharibu. Nimeogopa. Nishauri.
*Mama, Mpwapwa*

Mbukwa, mama yangu. Asante kwa kuuomba wimbo na kuusikiliza mwenyewe. Wazazi wengi huishia kuulaani kutokea chumba cha pili.

Mwombe baba yake asichukue simu, angalau kwanza. Wimbo wa huzuni mara nyingi si sumu. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Berlin, Liila Taruffi na Stefan Koelsch, walitoa matokeo ya kuwauliza watu 772 wa nchi mbalimbali wanachohisi wanaposikiliza muziki wa huzuni, na hisia iliyotajwa mara nyingi kuliko zote haikuwa huzuni, bali ile hamu ya kukumbuka siku zilizopita. Wengi walisema huutafuta muziki huo wanapokuwa na mfadhaiko au upweke, kwa sababu unawafariji. Mtoto wako amempata mtu ambaye amesimama katikati ya soko asionekane, na kwa hiyo sokoni humo sasa wako wawili. Ukimnyang'anya, utambakiza mmoja.

Lakini kuna kusikiliza kunakopoza na kuna kusikiliza kunakochokonoa kidonda, nawe huwezi kuvitofautisha kwa kuutazama wimbo. Utavitofautisha kwa kumtazama yeye. Akiusikiliza kisha akaamka, akala, akatoka kwenda kuchota maji au kuzungumza na wenzake, wimbo unamsaidia. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi amekosa usingizi au analala mchana kutwa, hana hamu ya chakula, ameacha vitu alivyokuwa anavipenda, anajiona hana thamani, basi tatizo limepita wimbo, na linaweza kuwa sonona, ambayo ni maradhi kama maradhi mengine na hutibika. Na akitamka, hata kwa mzaha, kwamba ni heri asiwepo, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Najua neno hilo ni zito mdomoni mwa mzazi. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Humwonyesha kwamba yupo mtu anayeweza kulisikia bila kukimbia. Akikubali, asiachwe peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Najua pia kinachowazuia watu wa mkoa wetu. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, iko hapa Dodoma, na jina lake tumelifanya tusi. Mtoto akichelewa kuelewa hesabu tunamwambia atapelekwa Mirembe, akikua na akahitaji msaada, mlango wa kwanza anaoufahamu ni ule tuliokuwa tunamtishia nao. Mimi mwenyewe nimelisema tusi hilo darasani, zaidi ya mara moja, na siwezi kuwarudisha wanafunzi wale niwaombe radhi. Unaweza kuanzia kwa daktari wa hospitali ya wilaya hapo Mpwapwa. Ikiwa atawaandikia barua ya kwenda Mirembe, nendeni kama mnavyokwenda kwa daktari wa macho.

Baba yake anadhani ni ulegevu wa vijana wa siku hizi. Mwambie kwamba Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya Juni 2025, lilisema mtu mmoja kati ya kila sita duniani huathiriwa na upweke, na kwamba vijana wamo miongoni mwa wanaousikia zaidi. Kijana aliyerudi nyumbani na matokeo mabaya ana sababu yake ya ziada: wenzake wako vyuoni, na kila anayempita njiani anamuuliza anaendelea na nini.

Usimuulize wimbo ule una maana gani. Swali hilo ni la mtihani, na yeye ametoka kufeli mtihani. Muulize ni mstari gani anaourudisha nyuma. Watu wawili wanaweza kuupenda wimbo mmoja kwa mistari tofauti kabisa, na pengine yeye hajali habari ya soko, bali kuna neno dogo mbele yake, la mama au la nyumbani, ambalo wewe ulilipita. Akikuonyesha, usiseme kitu kwa muda. Mletee chai, kaa pale kitandani, na umwombe auweke tena kwa sauti, bila kuziba masikio, muusikie wote wawili. Na kama nawe ulikuwa na wimbo wako ulipokuwa na miaka 19, ambao baba yake hajawahi kujua ulikuwa unaulilia, mwimbie ubeti wake mmoja, hata kama sauti imekauka.